Tusiilaumu ardhi kwa makosa ya wanadamu

MNAMO mwezi wa Juni 2024, wiki chache baada ya shule zetu kufunguliwa kufuatia mafuriko ya masika, nilikuwa katika shule moja ya upili ya Bonde la Ufa nikiwakagua walimu wanagenzi waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kama ilivyo desturi, baada ya kipindi niliomba kuonyeshwa madaftari ya wanafunzi ili nitazame jinsi mwalimu kijana niliyekuwa nikimkagua alivyosahihisha. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wametungiwa swali la insha: waeleze madhara ya maafa ya kimaumbile nchini na wapendekeze namna ya kuyapunguza.

Insha zilifanana mno. Karibu zote zilianza kwa mawingu meusi yaliyotanda angani, zikapitia ngurumo za radi, zikafika kwenye vilio, zikaishia kwa kumwomba Mola atuepushie mabaya. Moja tu ilikwenda njia yake. Mvulana aliyeiandika alisema kwamba mjomba wake hakuuawa na mto. Aliuziwa ploti ndani ya mkondo wa mto, na mtu aliyemuuzia anaishi mlimani. Chini ya sentensi hiyo palikuwa na mstari wa wino mwekundu na maneno haya: "Umepotoka. Swali lahusu maumbile." Alikuwa amepewa alama 6 kwa 20.

Nilimwuliza mwalimu yule sababu. "Daktari," alinijibu kwa adabu, "swali ni la maafa ya kimaumbile. Yeye ameandika kuhusu biashara ya mashamba."

Sikumlaumu, wala simlaumu hadi leo. Alifundishwa hivyo, nami ni mmoja wa waliomfundisha. Lakini njiani nikirudi nyumbani swali lilinikaa kooni: kati ya mwalimu na mwanafunzi, ni nani hasa aliyepotoka?

Lugha yetu ni tajiri katika uwanja huu wa huzuni. Tuna msiba, balaa, baa, janga, maafa, gharika na zilizala. Baadhi ya maneno haya tuliyarithi kwa Wabantu wenzetu, mengine tuliyapokea kutoka Kiarabu. Waingereza nao walilichukua neno lao kutoka Kitaliano, na asili yake ni nyota mbaya, kana kwamba mtu huangamia kwa kuwa nyota yake imekaa vibaya mbinguni. Katika maneno mengi ya aina hii, hapa kwetu na kwingineko, mna wazo moja: maafa ni kitu kinachotoka nje ya mwanadamu, kikamshukia ghafla, naye hana la kufanya ila kulia na kuzika.

Wazo hilo limeingia hata katika sarufi tunayoitumia. Hebu msomaji atazame vitenzi vinavyotawala habari za maafa katika magazeti na redio zetu. Jengo limeporomoka. Bwawa limepasuka. Daraja limevunjika. Kingo za mto zimebomoka. Kila mwanafunzi aliyesoma mnyambuliko wa vitenzi anaijua kauli hii. Ni kauli ya kutendeka. Pasua huwa pasuka, bomoa huwa bomoka, vunja huwa vunjika. Ni kauli muhimu na ya asili katika Kiswahili, lakini ina tabia moja ambayo yafaa tuichunge: haimpi mtendaji nafasi. Ukisema kwamba bwawa lilipasuliwa, msikilizaji atakuuliza, "Na nani?" Ukisema kwamba bwawa lilipasuka, mlango wa swali hilo umeufunga.

Mfano haupo mbali. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliteremka kwa kishindo katika eneo la Mai Mahiu yakawachukua watu waliokuwa wamelala. Watu zaidi ya 45 walipoteza maisha. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wakuu wa serikali wakaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia ya maji iliyopita chini ya reli ilizibwa na miti, mawe na udongo. Je, njia hiyo ya maji ilikuwa na msimamizi? Nani alipaswa kuizibua kabla ya masika? Maswali hayo hayakupata nafasi siku ya kwanza, kwa sababu kitenzi kilikuwa kimekwisha kutoa hukumu.

Sisemi kwamba maumbile hayana nguvu. Dunia yetu imefunikwa kwa gamba lililogawanyika katika mabamba makubwa ambayo husogea polepole, sentimita chache kwa mwaka. Pale mabamba hayo yanaposuguana, yanapogongana au yanapoachana, miamba hujipinda mpaka ishindwe kuvumilia; hapo hukatika, na nguvu iliyokuwa imejikusanya kwa miaka mingi hutoka mara moja ikaitikisa nchi. Sisi wa Afrika Mashariki tunaishi juu ya sehemu moja ambapo gamba hilo linaachana. Bonde la Ufa tunalolipigia picha tukiwa safarini ni kazi ya mivutano hiyo.

Wengi wetu hudhani kwamba matetemeko ni mambo ya Japani na Uturuki. Tumesahau. Mnamo Januari 6, 1928, ardhi ya Subukia, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Nakuru, ilitetemeka kwa ukubwa wa 6.9, na juu ya nchi ukaonekana mpasuko wa zaidi ya kilomita 30. Wakati huo nyumba zilikuwa chache na nyingi zilikuwa fupi. Leo Nakuru ni jiji, tangu Desemba 2021, na maghorofa yake yanaongezeka kila mwaka. Mnamo Julai 2007, matetemeko yaliyoanzia karibu na Ziwa Natron, nchini Tanzania, yaliwatoa watu maofisini jijini Nairobi wakaingia barabarani wakitazamana. Tulizungumza kwa wiki moja, kisha tukarudi ghorofani.

Majirani zetu wa Bukoba wanajua zaidi. Mnamo Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 waliaga dunia na maelfu ya nyumba zikaharibiwa. Kwa vipimo vya wataalamu, 5.9 ni tetemeko la wastani. Kuna nchi ambako tetemeko la kiasi hicho huvunja vikombe, watu wakafagia, wakaendelea na chakula chao.

Kwa nini basi tetemeko livunje vikombe hapa na mifupa kule? Mwaka 2010 dunia ilipewa somo la wazi ambalo kila mwalimu wa jiografia angefaa kulifundisha. Mnamo Januari 12, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Kwa makadirio mengi, waliokufa walizidi 100,000. Mnamo Februari 27, wiki chache baadaye, tetemeko la ukubwa wa 8.8 liliipiga Chile. Nguvu iliyotolewa na tetemeko la Chile ilikuwa kama mara 500 ya ile ya Haiti, ilhali waliokufa Chile walikuwa 500 na kitu. Kweli, kitovu cha tetemeko la Haiti kilikuwa karibu sana na mji mkuu wenye watu wengi. Lakini tofauti kubwa ilikuwa katika kuta. Chile ilikwisha kuumia vibaya mwaka 1960, ikatunga sheria za ujenzi na kuzisimamia. Port-au-Prince ulikuwa mji wa zege hafifu, nondo haba na wakaguzi wasioonekana.

Fikra hii si ngeni. Mji wa Lisbon ulipoangamia kwa tetemeko, moto na mawimbi ya bahari mnamo Novemba 1, 1755, wanafalsafa wa Ulaya walibishana kuhusu wema wa Mungu. Mwaka uliofuata Rousseau alimwandikia Voltaire barua ambamo alimkumbusha jambo jepesi: maumbile hayakuwa yamejenga mahali pale nyumba 20,000 za ghorofa sita au saba. Zaidi ya miaka 260 baadaye, mnamo Februari 6, 2023, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliwaua watu zaidi ya 50,000 nchini Uturuki pekee. Miaka mitano kabla, serikali ya huko ilikuwa imetoa msamaha kwa majengo yaliyojengwa bila idhini. Mwenye jengo alilipa ada, jengo likahalalishwa. Karatasi zilisamehe, lakini tetemeko halikusamehe.

Na sisi je? Hatuhitaji hata tetemeko. Usiku wa Aprili 29, 2016, miaka 8 kamili kabla ya mkasa wa Mai Mahiu, jengo la ghorofa lilianguka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, likawaua watu wapatao 50. Jengo hilo lilisimama kando ya mto na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Mnamo Septemba 23, 2019, madarasa ya shule moja ya Dagoretti yaliwaangukia watoto asubuhi wakiwa masomoni, wanane wakafa. Siku hiyo ardhi haikutikisika hata kidogo. Majengo ya aina hii, ambayo huanguka yenyewe siku ya utulivu, yatafanya nini siku ile Subukia itakapoamka tena?

Hapo ndipo panapodhihirika ubora wa insha ya mvulana yule. Mvua ni maumbile. Mto ni maumbile. Lakini ploti ndani ya mkondo wa mto, hati yake, muhuri wake na risiti yake, hayo si maumbile.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya lugha inayoficha baada ya maafa kutokea. Kuna lugha nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ile inayotangulia maafa. Neno moja la onyo huweza kuokoa kijiji, na neno moja la kubembeleza huweza kukizika.

Wakazi wa mji wa L'Aquila, nchini Italia, walikuwa na desturi ya tangu jadi: ardhi ikitikisika, watu hutoka na kulala nje. Mapema mwaka 2009 mitikisiko midogo midogo iliendelea kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa Machi wataalamu wakakutana. Siku hiyo afisa mmoja wa idara ya ulinzi wa raia aliwaambia waandishi wa habari kwamba hali ni nzuri, kwa kuwa mitikisiko midogo inatoa nguvu ya ardhi kidogo kidogo. Akakubali hata mzaha kwamba watu waende wakanywe divai. Jambo hilo halikuwa na msingi wa kisayansi. Usiku wa Aprili 6, tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliua watu 309. Miongoni mwao walikuwamo waliobaki vitandani kwa kuwa walikuwa wameambiwa wasiwe na wasiwasi. Kesi ikafuata. Watu saba walihukumiwa mwaka 2012. Mwaka 2014 wanasayansi sita wakaachiliwa na mahakama ya rufani, na afisa yule akapunguziwa adhabu ikawa miaka miwili. Wengi walidhani kwamba wanasayansi walishtakiwa kwa kushindwa kutabiri tetemeko, jambo ambalo hakuna mtu duniani anayeweza kulitabiri kwa siku na saa. La hasha. Kilichokuwa kizimbani kilikuwa ni maneno.

Nasi tusiwacheke Waitaliano. Mnamo Oktoba 2023, baada ya wataalamu kutabiri kwamba El Niño ingeleta mvua kubwa, wananchi wa Kenya walitangaziwa na uongozi wa juu kabisa wa nchi kwamba El Niño haitakuwapo tena, na kwamba mvua haitafika kiasi cha kuleta uharibifu. Wazee waliokumbuka mvua za 1997 na 1998 walishusha pumzi. Wiki chache baadaye mafuriko yalianza, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa. Sijui nia ya waliotamka maneno yale na wala siwatuhumu kwa ubaya. Nasema tu kwamba kiongozi akitamka neno kuhusu maji, neno lake lina uzito kuliko maji yenyewe.

Sasa tazama upande wa pili. Katika Indonesia kuna kisiwa kiitwacho Simeulue. Mwaka 1907 bahari ilivamia kisiwa hicho ikaua watu wengi. Walionusurika hawakuwa na mitambo wala ving'ora, ila walikuwa na neno. Walilitumia neno lao *smong*, lenye maana ya bahari inayoinuka baada ya ardhi kutetemeka, wakalitia katika hadithi na katika bembelezi za watoto, pamoja na maagizo yake: ardhi ikitikisika kwa nguvu na maji yakirudi nyuma, kimbilia mlimani, usingoje mtu. Vizazi vikapita. Mnamo Desemba 26, 2004, tetemeko kubwa mno lilitokea karibu na kisiwa hicho na mawimbi yakafika katika muda wa dakika 10 hivi. Watu walipiga ukelele wa neno lile moja, wakapanda milima. Kati ya watu wapatao 78,000, waliokufa walikuwa 7. Katika Indonesia kwa jumla waliokufa siku hiyo walizidi 160,000.

Mawimbi hayo hayo yalivuka bahari yakafika hata kwetu baada ya saa kadhaa. Kenya ilibahatika kupata habari mapema, watu wakaondolewa fuoni, na aliyepoteza maisha alikuwa mmoja. Somalia, ambako hapakuwa na wa kuwatangazia watu, ilipoteza karibu watu 300. Maji yalikuwa ni yale yale.

Nadhani mwalimu anayesoma makala haya ameanza kuona yanakoelekea. Kumbukumbu ya Simeulue haikuhifadhiwa na jeshi wala wizara. Ilihifadhiwa na watu wanaosimulia watoto hadithi, yaani kazi yetu.

Kwa walimu hasa, nina visa viwili vya Japani, vyote vya siku moja, Machi 11, 2011. Katika mji wa Kamaishi watoto walikuwa wamefundishwa kwa miaka kadhaa kwamba wakihisi tetemeko kubwa wasingoje amri. Wakimbie, na wasiamini ramani kuliko macho yao. Siku hiyo wanafunzi wa shule ya sekondari ya chini walitimua mbio kuelekea juu, wale wa shule ya msingi jirani wakawafuata, wakubwa wakiwashika wadogo mkono. Walipofika mahali palipodhaniwa ni salama, wakaona haparidhishi, wakapanda tena. Mji ule uliangamia kwa sehemu kubwa, lakini takriban wanafunzi wote wapatao 3,000 waliokolewa.

Katika shule ya msingi ya Okawa, mji wa Ishinomaki, mambo yalikuwa mengine. Watoto walitolewa madarasani salama baada ya tetemeko wakapangwa uwanjani. Nyuma ya shule palikuwa na kilima. Walimu wakashauriana wapi pa kwenda, kwa kuwa mpango wa shule haukutaja mahali mahsusi pa kukimbilia. Dakika zilipita, zikakaribia 50. Walipoanza kuondoka, maji yalikuwa yamefika. Watoto 74 kati ya 108 waliokuwa wakisoma shuleni hapo waliangamia, pamoja na walimu 10. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Japani ikauacha usimame uamuzi kwamba wenye mamlaka walizembea kwa kutoiandaa shule mapema.

Nimekisoma kisa cha Okawa mara nyingi, na kila mara huwafikiria walimu wale. Hawakuwa waoga wala wavivu. Walikufa pamoja na watoto wao. Walichokosa ni sentensi moja iliyoandikwa mapema: "Maji yakija, tunapanda kilima kile." Je, shule yako, mwalimu mwenzangu, inayo sentensi hiyo? Ikiwa iko chini ya mteremko wa Pokot Magharibi, ambako Novemba 2019 udongo uliporomoka usiku ukawafunika makumi ya watu, watoto wanajua waelekee wapi? Ikiwa iko Budalang'i au kando ya Mto Tana, wanajua ni kiwango gani cha maji kinachomaanisha kwamba kengele ya kwenda nyumbani haipaswi kupigwa?

Hapa yaingia tena taaluma yangu. Maonyo yetu mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu, kisha hutafsiriwa neno kwa neno. Mkulima husikia kwamba kutakuwa na "mvua zaidi ya wastani". Kwa mkulima aliyetoka katika ukame, kama ule wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua ya kutosha kaskazini kuanzia 2020 hadi 2022, mvua zaidi ya wastani ni baraka. Atanunua mbegu. Hakuna aliyemwambia kwamba maana yake ni kuwa maji yatapita juu ya daraja, kwamba mbuzi wahamishwe, kwamba vyeti vya watoto vifungwe kwenye karatasi ya nailoni. Onyo lisilomwambia mtu afanye nini ni taarifa tu.

Haki itendeke: Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imejaribu. Ilishiriki kuanzisha redio za kijamii katika maeneo yenye hatari, kama vile Kangema kwenye maporomoko ya udongo na Budalang'i kwenye mafuriko, ili watu waonywe kwa lugha wanayoota nayo. Huo ndio mwendo unaofaa. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni matumizi ya lugha rasmi yaliyo muhimu kuliko kumwambia raia ahame kabla ya usiku kuingia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Kuna atakayesema kwamba yote ni mapenzi ya Mungu na kwamba msomi huyu anataka kumvua Mola uwezo wake. Sina ugomvi na imani ya mtu, na mimi mwenyewe nimesimama makaburini nikaitikia amina. Lakini sijaona kitabu kitakatifu kinachomwamuru mtu apunguze saruji. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumsingizia Mungu kosa la mkandarasi si ucha Mungu.

Kuna mwingine atakayesema kwamba maskini hujenga bondeni kwa kuwa hana pengine. Hilo ni kweli tupu, na ndiyo sababu lawama isimwangukie yeye. Mwaka 2024 wakazi wa kando ya mito jijini Nairobi walichukuliwa na maji, na waliosalia wakabomolewa nyumba zao na matingatinga. Waliowauzia na kuwakodishia mahali pale hawakuguswa na lolote kati ya hayo mawili. Maafa hayachagui mtu, tunaambiwa. Huchagua sana. Hutazama bei ya kiwanja.

Madhara yenyewe hayaishii kwenye hesabu ya wafu. Katika masika ya 2024 watu zaidi ya 250 walikufa nchini, na muhula wa pili uliopaswa kuanza mwishoni mwa Aprili ukaahirishwa mpaka Mei 13. Shule kadhaa ziligeuzwa makao ya waliohamishwa na maji. Walimu wanajua kilichofuata: mtoto aliyerudi bila sare, aliyerudi bila vitabu, aliyerudi akishtuka kila mvua ilipopiga bati, na yule ambaye hakurudi kamwe kwa kuwa ameozwa au amekwenda kuchimba mchanga. Hao hawahesabiwi popote.

Tufanye nini basi? Sina wizara wala bajeti, kwa hiyo nitapendekeza yale ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuyafanya bila kungoja waraka kutoka juu. Kwanza, kila darasa lichore ramani ya shule yake: mto uko wapi, mteremko uko wapi, ukuta wenye ufa ni upi, na tunakimbilia wapi. Pili, katika somo la Kiswahili, wanafunzi waende kwa wazee wao wakusanye maneno na dalili za hatari zinazojulikana pale kijijini: mto ukibadilika rangi humaanisha nini, chemchemi mpya ikitokea mlimani humaanisha nini. Maneno hayo yaandikwe ukutani, kwani mzee akifa nayo huzikwa. Tatu, tunapotunga na kusahihisha insha, tusiwazoeshe watoto mawingu meusi na vilio peke yake. Tuwafundishe kuuliza swali la kauli ya kutendwa: na nani? Nne, waandishi wa habari, ambao wengi wao tumewafundisha sisi, waulize vivyo hivyo kabla ya kuandika kwamba jengo limeporomoka.

Kuhusu mvulana wa Bonde la Ufa, nilikaa na mwalimu wake kijana kwenye benchi nje ya chumba cha walimu tukaisoma tena ile insha pamoja. Nilimwomba anionyeshe ni wapi mtoto ametoka nje ya swali. Alisoma kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Sasa, Daktari, akiandika hivi katika mtihani wa kitaifa, si watamkata alama?"

Nilimjibu kwamba huenda wakamkata. Akachukua kalamu, akaifuta ile 6, akaandika 15, na pembeni akaongeza swali: "Aliyeuza ploti hiyo alipewa idhini na nani?" Ni swali zuri. Mvulana yule ana haki ya kujibiwa, na mjomba wake pia.